Kupanga safari ya kayaki ku muto wa maji makali: mufano wa Nile kule Jinja

Kayaki ni chombo kidogo cha mutu mumoja, chenye kusukumwa na pagai ya pande mbili. Ku Ziwa Kivu na Ziwa Tanganyika kuna watu wenye wameanza kuizoea, lakini kayaki ya ziwa haiko sawa na ile ya muto. Ya ziwa ni ndefu, inapenda kwenda moja kwa moja. Ya maji makali ni fupi, mara nyingi kati ya mita 2 na 3, inageuka haraka sana, na mutu anaingia ndani mpaka kiunoni kisha anafunga tundu na kitambaa cha nguvu chenye kuitwa sketi. Akipinduka, iko na njia mbili tu: kugeuza kiuno na pagai ili arudi juu akiwa bado ndani, ao kuvuta mukanda wa sketi na kutoka. Hii njia ya pili inafundishwa ku maji yenye kutulia, mara nyingi, mpaka mukono unaifanya wenyewe bila kufikiri. Mutu mwenye hajaijua hana kazi ku maji makali, hata awe muogeleaji wa namna gani.

Kwa mutu wa mashariki ya Kongo, pahali pa karibu penye kuna masomo, vyombo vya kukodi na waongozaji wenye kujua kazi ni Nile, pale inatoka ku Ziwa Victoria, ku muji wa Jinja, Uganda, karibu kilometa 80 mashariki ya Kampala. Kenya nayo iko na muto Tana kule Sagana, karibu kilometa 100 kaskazini ya Nairobi. Yote mbili iko na vipande vya daraja ya kati, ile yenye watu wanaita daraja ya 3. Lakini neno "daraja ya kati" linadanganya watu wengi, na njo pale mupango unapaswa kuanzia.

Daraja inasema nini, na haisemi nini

Wenye kushuka mito duniani kote wanatumia kipimo chenye madaraja 6. Ya 1 ni maji yenye kutembea na vijiwimbi. Ya 2 iko na mawimbi, lakini njia ni pana na inaonekana ukiwa ndani ya chombo. Ya 3 ni pale mawimbi yanakosa utaratibu, yanaweza kujaza pirogi wazi, mikondo inakata kwa kando, na mutu anapaswa kugeuza chombo pahali kamili na kwa wakati kamili. Ya 4 ni maji ya nguvu yenye hayasamehe makosa mingi, na kushuka chini kuchunguza kutoka ukingo kunakuwa lazima. Ya 5 ni ya wataalamu. Ya 6 ni karibu na kusema haipitike.

Kipimo hiki kinapima maji. Hakipimi mutu, wala umbali wa hospitali. Maporomoko ya daraja ya 3 yenye kuwa kando ya barabara, na maji ya moto kidogo, si kitu kimoja na maporomoko ya daraja ya 3 ndani ya pori, siku mbili kwa miguu mbele ya kufikia muganga. Waongozaji wenye uzoefu wanahesabu ile ya pori kama daraja moja zaidi, na wako na haki.

Tena, muto mumoja hauna daraja moja. Ku Nile ya Jinja kuna vipande vyenye mwanafunzi wa wiki moja anaweza kupita akicheka, na kuna Itanda, maporomoko makubwa kwenye hata mitumbwi ya mupira ya watalii inabebwa ku inchi kavu kupita sehemu ya juu, kisha inarudishwa majini chini. Kati yao, muto unagawanyika na visiwa. Mukono wa kushoto wa kisiwa unaweza kuwa daraja ya 3 na wa kuume daraja ya 5, na kutoka juu yote mbili inaonekana sawa: mustari laini wa maji, kisha sauti. Njo maana kule Jinja kosa kubwa la wageni si kukosa nguvu ya mikono. Ni kuingia mukono wenye hawakuchagua.

Maji ni mingi kiasi gani leo

Kila safari ya muto inaanza na swali hili, na jibu la mwaka jana halitoshi. Muto wa Sagana unafuata mvua: inapanda kwa mvua ndefu za Machi mpaka Mei, tena kwa mvua fupi za Oktoba mpaka Desemba, na wakati wa jua mawe yanatoka nje. Maji mingi inafunika mawe na kuongeza mwendo. Maji kidogo inapunguza mwendo lakini inaleta mawe karibu na kichwa. Hakuna moja yenye kuwa salama yenyewe.

Nile ya Jinja haifuate mvua ya jana. Inafuata ziwa na mabaraji. Maji yake kwa kawaida inapita mita kyubu 1,000 kwa segonde, ni kusema zaidi ya tani 1,000 za maji zenye kupita mbele ya macho kila segonde. Baraji ya kwanza, Owen Falls, yenye inaitwa leo Nalubaale, ilifunguliwa 1954. Ya Bujagali ilianza kazi 2012 na kufunika maporomoko ya Bujagali, pahali palipoheshimiwa na wakaaji wa Busoga kwa ajili ya roho ya Budhagali. Ya Isimba, chini zaidi, ilizinduliwa 2019, na ziwa lake lilifunika sehemu ya mawimbi yenye wachezaji wa kayaki walikuwa wanafuata kutoka Ulaya na Marekani. Kipande chenye kubaki, kati ya Bujagali na maji ya Isimba, njo chenye watu wanashuka sasa.

Kwa mupango, hii inaleta mambo mawili. Kwanza, kitabu ama ramani ya mbele ya 2012 inaonyesha muto wenye haupo tena, na ile ya mbele ya 2019 iko na nusu ya ukweli. Pili, mutu wa baraji akifungua ao kufunga milango, maporomoko yanabadilika katika siku moja: wimbi la asubuhi linaweza kuwa shimo mangaribi. Ziwa lenyewe pia linatembea. Mwezi wa Mei 2020 Ziwa Victoria lilipanda kupita rekodi ya 1964, na Nile ikajaa kwa namna vijana wa Jinja hawakuwahi kuiona. Basi mupango wa kweli unafanywa na simu kwa mutu mwenye kuingia muto huo kila siku, siku mbili mbele, kisha tena asubuhi ya safari. Ulizo ni moja: maji iko juu ao chini, na ni maporomoko gani watu wanabeba leo?

Kuna hesabu moja ya kukumbuka. Mwendo wa maji ukiongezeka mara 2, nguvu yenye kusukuma mutu inaongezeka mara 4. Muto wenye kuonekana umepanda kidogo tu unaweza kuwa muto mwengine kabisa.

Kwa nini si mito ya kwetu

Ulizo hili linakuja kila mara, na ni ulizo zuri, kwani Kongo iko na maji makali kuliko inchi yoyote ya jirani. Lakini mingi yake haiko ya daraja ya kati, ao iko na hatari zingine zenye hazipimwi na daraja.

Maporomoko ya Boyoma, yenye zamani yaliitwa Stanley, ni mafungu saba kati ya Ubundu na Kisangani, kwa urefu wa karibu kilometa 100. Wavuvi Wagenya wa Kisangani wanajua kupitisha pirogi pembeni ya maji yale na kusimamisha miti yao ya kutegea samaki ndani ya mukondo, lakini hata wakoloni wenye haraka ya mali hawakujaribu kupitisha mashua. Walijenga reli ya kilometa 125 kutoka Kisangani mpaka Ubundu, na ilifunguliwa 1906. Kwa lugha ya watu wa kayaki, ile reli ni njia ya kubebea chombo tu, yenye kuwa ndefu sana.

Inga ni jambo lingine. Mwaka 1985, mutangazaji wa televizyo ya Ufaransa Philippe de Dieuleveult na wenzake walipotea kule wakishuka na mitumbwi ya mupira, na mpaka leo watu wanabishana juu ya kifo chao. Mwaka 2011, Steve Fisher, Tyler Bradt, Benjamin Marr na Rush Sturges walishuka maporomoko ya Inga na kayaki. Walikuwa kati ya wachezaji wa nguvu kuliko wote duniani, na walichunguza maji kutoka angani na helikopta. Hiyo si mufano wa kufuata kwa mutu wa daraja ya 3.

Habari yenye kufundisha zaidi ni ya Lukuga, muto wenye kutoka Ziwa Tanganyika kule Kalemie na kwenda kuingia Lualaba. Mwezi wa Desemba 2010, Hendri Coetzee, raia wa Afrika Kusini mwenye aliishi Jinja na mwenye aliongoza safari ya kushuka Nile yote mpaka bahari ya Mediterania mwaka 2004, alikuwa anashuka Lukuga pamoja na Wamarekani wawili. Mamba alimukamata na kumutoa ndani ya kayaki. Maiti yake haikupatikana. Wakati ule hawakuwa ndani ya maporomoko. Walikuwa wanapita maji yenye kutulia, na walikuwa karibu karibu kama vile watu wa kazi hiyo wanashauri. Wakaaji wa kando ya Lukuga, ya Ruzizi na ya Semliki hawana haja ya kuelezwa. Ku Ruzizi mamba mumoja mukubwa alijulikana mpaka ngambo ya Burundi kwa jina la Gustave, juu ya watu wenye aliwauwa.

Nile nayo iko na mamba na viboko, hasa chini, upande wa Karuma na Murchison. Kipande cha Jinja ni pahali pa watu, wenye kuoga, kufua na kuvua kila siku. Hiyo ni sababu moja ya kukichagua, na pahali pengine popote ulizo la kwanza liulizwe kwa mama mwenye kuchota maji, mbele ya mwenye kuuza safari: hapa watoto wanaoga? Kama jibu ni hapana, basi.

Watu na vyombo

Hesabu ya chini ni watu watatu. Mumoja akipata shida, wa pili anabaki naye, wa tatu anafuata musaada ao chombo chenye kwenda na maji. Wa mbele ni mwenye kujua njia, wa nyuma ni mwenye kujua kuokoa. Wazaifu wanakaa katikati. Kwa mutu wa kwanza kufika Jinja, mwongozaji wa pale anahesabiwa kati ya gharama za lazima, sawa tu na chakula. Kukata bei kwa mwongozaji na kuongeza pesa ku hoteli ni hesabu mubaya.

Kaske ni ya lazima kwa kila mutu, yenye kufunga vizuri chini ya kidevu na kufunika paji la uso. Jile nayo. Kisha mashua kuzama karibu na bandari ya Kituku tarehe 3 Oktoba 2024, wakaaji wa Goma na Minova hawana haja ya kuelezwa jile inaokoa nini. Lakini ile ya rangi ya machungwa yenye kuvaliwa ndani ya mashua ku ziwa haifai ku maji makali, kwani inapanda ku shingo na kufunga mikono. Ya muto ni fupi, inabana mwili, na mikono inazunguka bure. Namna ya kuijaribu ni rahisi: mwenzako akamate mabega ya jile na kuivuta juu kwa nguvu. Ikipita masikio, ikazwe ao irudishwe.

Kila kundi linabeba kamba ya kurusha, yenye kukunjwa ndani ya mufuko, urefu wa mita 15 mpaka 20, na angalau watu wawili wenye walijaribu kuirusha mbele ya siku ile. Kamba yenye hakuna mutu anaweza kuipeleka pahali pa mwenye kuzama ni uzito tu. Kisu kidogo kinafuatana nayo, kwani kamba ndani ya maji inaweza kufunga mutu. Viatu viwe vyenye kufungwa. Sandali zinabaki ku gari. Filimbi ku jile ya kila mutu.

Filimbi moja inasema "angalia hapa". Filimbi tatu ndefu zinasema kuna hatari. Pagai yenye kusimama wima inasema "kujeni, katikati". Pagai yenye kulala juu ya kichwa inasema "simameni". Na mwenye kuonyesha njia na mukono ao pagai anaonyesha siku zote upande wa salama, hata siku moja haonyeshe upande wa hatari. Makundi yenye kupuuza kanuni hii yanatuma watu wao ndani ya shimo wakifikiri wanawakinga.

Kusoma maji, na kuogelea ndani yake

Nyuma ya kila jiwe kubwa maji inarudi juu, ikipinga mukondo. Pale njo kituo: kayaki inaweza kusimama, mutu akapumua, akaangalia kipande chenye kufuata. Mutu wa daraja ya 3 anashuka muto kutoka kituo mpaka kituo, hapana kwa kukimbia tangu juu mpaka chini. Pale haoni kituo chenye kufuata, anatoka na kutembea ku ukingo kuangalia. Na pale ameangalia na moyo hautulie, anabeba chombo ku bega. Kubeba si haya. Kule Jinja hata mabingwa wanabeba.

Ku Nile, mutu mwenye kutoka ndani ya chombo anatupwa sana lakini mara nyingi hagongi jiwe, kwani maji ni mingi na ya kina, na chini ya maporomoko mingi kuna bwawa la kutulia kwenye wenzake wanamukusanya. Njo maana muto huu unafundisha vizuri. Ku Sagana na mito ya namna ile, maji ni kidogo na mawe iko karibu, basi mutu anapaswa kulala mugongo, miguu mbele, vidole juu ya maji, na kupiga mikono kwa kando kuelekea ukingo. Asijaribu kusimama mbele ya kufika pahali maji haipite magoti. Muguu ukiingia kati ya mawe mawili, mukondo unasukuma mugongo, mwili unakunjika mbele, na kichwa kinabaki chini ya maji hata kama kina ni cha kiunoni. Watu wenye kujua kuogelea wanakufa namna hii.

Muti wenye kuanguka ndani ya maji ni hatari kuliko jiwe. Jiwe linasukuma maji pembeni na mutu anaenda nayo. Muti unaacha maji kupita kati ya matawi na kubakisha mutu, sawa vile kichujio kinabakisha majani ya chai. Kisha mvua kubwa, mito midogo ya milima inajaa miti ya namna hii. Tena kuna ukuta mufupi wa saruji, wenye kujengwa kuvuka muto kwa ajili ya mashini ya maji ao umeme. Unaonekana kitu kidogo, pengine mita moja tu, lakini chini yake maji inarudi ku ukuta kwa upana wote wa muto, na mwenye kuingia anazungushwa bila pahali pa kutokea. Ukuta huo haupitwe. Unabebwa.

Njia, karatasi na afya

Kutoka Butembo ao Beni, njia ya kawaida ni mupaka wa Kasindi na Mpondwe, kisha Kasese na Kampala. Kutoka Bukavu na Goma, njia inategemea mipaka gani iko wazi na hali ya usalama, na ulizo liulizwe kwa wenye magari wiki ile ile. Kongo iliingia rasmi katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, lakini karatasi bado inaombwa: pasipoti ama kibali cha kusafiri, na karte ya chanjo ya homa ya manjano. Pale kuna Ebola upande mumoja wa mupaka, vipimo vinaongezeka na foleni pia, basi siku moja ya akiba iongezwe mbele na nyuma.

Kusafirisha kayaki juu ya bisi ni mateso yasiyo na faida. Kule Jinja zinakodishwa, pamoja na kaske, jile na sketi. Pesa yenye kubaki iende ku siku za masomo. Siku mbili ku maji yenye kutulia mbele ya maporomoko ya kwanza si nyingi, na mutu mwenye kuwa na wiki moja asiweke siku ya mwisho ya maji kuwa siku ya kuamukia kurudi: mabega yanachoka ku siku ya tatu, na mwenye kuchoka ni mwenye kushindwa kurudi juu pale amepinduka.

Kila kundi linaacha ku inchi kavu mutu mumoja mwenye kujua wanaingia wapi, wanatokea wapi, saa gani, na kuanzia saa gani anapaswa kuanza kuwatafuta. Simu inawekwa ndani ya mufuko wenye haupitishi maji, lakini namba za lazima zinaandikwa pia ku karatasi. Mwenye kifafa, pumu ao shida ya moyo anaeleza mwongozaji mbele, na dawa yake inaenda ndani ya jile ya mwongozaji.

Maji ya Nile na ya Ziwa Victoria iko na bilharzia. Kidudu chake kinapita ngozi bila mutu kusikia kitu, hasa karibu na ukingo kwenye majani na konokono. Kujipangusa haraka kisha kutoka majini kunasaidia kidogo tu. Kipimo cha mapema kinaweza kusema hakuna kitu wakati kidudu kiko ndani. Kwa hiyo mutu anaenda ku kituo cha afya kisha wiki 6 mpaka 8, anaeleza muganga kwamba alikuwa ndani ya Nile, na kama kiko, dawa yake ni prazikwanteli, yenye inapatikana Kongo pia. Homa ikianza mbele ya wiki hizo, asingoje: apimwe malaria siku ile ile.